Popote Alipo

Jumamosi, tarehe 10 Machi 2001. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika baada ya adhuhuri, na jua lililotoka lilizifanya barabara za Buyenzi zifuke mvuke. Waliotoka Buterere walisema kule mashamba ya mpunga na nyua za watu vilikuwa maji matupu.

Saa ya salamu ilipofika, Moza binti Yaseen alifuta mikono yenye unga, akaongeza sauti ya redio.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, jirani yetu. Babu yake alitoka Omani akafungua duka la vitambaa wakati Bujumbura bado inaitwa Usumbura. Duka hilo lilikwisha zamani. Moza alirithi pua ndefu na desturi ya kunywa kahawa chungu asubuhi. Alikaanga sambusa mbele ya nyumba yake, chini ya bati, na wateja wake wote walijua kwamba pembeni mwa karai kubwa huwa kuna bakuli dogo lisilouzwa. Zilizomo zilikuwa sambusa zisizo na kitunguu. Hizo zilikuwa za Idi, mumewe, ambaye kitunguu hakikuwahi kupita kooni mwake. Jioni, Idi akiwa hajarudi, Moza alizigawa kwa watoto wa barabarani. Kesho yake alikaanga nyingine.

Idi alikuwa dereva. Oktoba 1996 alipakia sabuni kwenye gari dogo akaenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mlangoni alifanya mzaha: "Nikichelewa, nitumie salamu kwa redio. Kule ng'ambo inasikika vizuri kuliko hapa." Vita vya upande wa Kongo vilikuwa vinaanza. Mpaka ulifungwa nyuma yake.

Basi Moza akatuma salamu. Kila wiki alipeleka kadi kwenye redio moja ya hapa mjini, na kila Jumamosi mtangazaji Léonce aliisoma kwa ile sauti yake ya kutabasamu: "Moza wa Buyenzi anamsalimu mume wake Idi, popote alipo. Na wimbo ni ule ule." Jina la wimbo aliacha kulitaja. Mji mzima uliujua: wimbo wa zamani wa gitaa, mwimbaji anamwomba mkewe asizime taa kabla yeye hajafika.

Annick, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na maneno yake kila ulipopigwa.

"We Moza, mume wako anapata muziki kila Samedi. Wangu analala hapa hapa ndani na sijawahi kumupa hata mluzi."

"Mupe ugali kwanza," Moza alimjibu. "Mluzi utakuja."

Jumamosi hiyo gitaa halikulia. Mwanamume mmoja alikuwa anaeleza mkataba wa amani wa Arusha, akamaliza, na mwingine akaanza kumpinga. Moza alisogeza mshale wa redio kulia, kushoto, akaurudisha pale pale.

"Annick, hii redio yangu imelewa?"

"Apana. Hata yangu iko inaongea."

Waliongea mpaka giza likaingia. Moza hakuzima. Alikaa na taulo la jikoni mapajani, kama mtu anayengoja mgeni anayezungumza mno amalize ili mwenye zamu aingie.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kituoni, kwa miguu, akipita Nyakabiga. Redio ilikuwa ghorofani, na kwenye korido alikuta maboksi ya kanda yamepangwa ukutani, yamefungwa kwa kamba. Léonce alitoka kumpokea. Kumbe alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi, tofauti na sauti yake.

"Maman Moza. Nilijua utakuja."

"Muziki mumeupeleka wapi?"

"Wakubwa wamesema sasa ni maneno tu. Habari, mijadala, watu wapige simu. Wanasema watu wanataka kujua vita itaisha lini."

"Na ikiisha watacheza na nini?" Moza akasema. Léonce akacheka kidogo. "Wimbo mumoja, baba. Samedi tu."

"Hata mumoja, maman. Hata ule wa kutenganisha habari wameukata."

"Akisikia kimya atafikiri tumehama nyumba."

Léonce alitazama yale maboksi. Kisha akasema kuwa kipindi kimoja tu kimebaki kinachopokea majina ya watu, kila Jumatano, na kwamba ni kipindi cha waliopotea. Mwenye mtu wake anakuja anaongea mwenyewe.

"Idi hakupotea," Moza akasema. "Amechelewa."

Akarudi nyumbani. Lakini Jumatano alivaa buibui lake safi akaenda, kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine.

Tulimsikiliza kwa Annick, tumekaa juu ya magunia ya makaa. Sauti ya Moza ilitoka nyembamba kuliko tunavyoijua.

"Mama," Léonce aliuliza, "unayemutafuta alikuwa anaitwa nani?"

"Anaitwa Idi."

"Alikuwa mutu wa namna gani?"

"Ni murefu. Ni mweusi wa kung'aa. Kidole cha kwanza cha mukono wa kuume hakina ncha, mlango wa gari ulikikata."

"Alikuwa na tabia gani ambayo mutu anaweza kukumbuka?"

"Akikasirika hasemi, anapiga mluzi. Na kitunguu hali. Hata ukikificha ndani ya nyama atakijua."

Kila Léonce aliposema "alikuwa," Moza alisema "ni." Mwishowe Léonce naye akachanganyikiwa, akauliza, "Na siku ile anaondoka, anavaa… alivaa nini?" Annick akaguna. Moza akaeleza shati la bluu lenye mfuko ulioshonwa upya. Akashukuru. Halafu, kama mtu anayemalizia kadi, akasema:

"Namusalimu popote alipo. Na wimbo ni ule ule."

Redio ikanyamaza. Tulisikia kiti kikisogezwa. Vijana waliokuwa wamesimama nje walicheka, mmoja akaiga gitaa kwa mdomo. Léonce akakohoa. "Asante, maman," akasema, akaita jina la anayefuata, baba aliyekuwa anatafuta watoto wake waliopotelea Kinama.

Jumanne iliyofuata, muda mfupi kabla ya adhuhuri, mwanamume mwenye mzigo wa nguo za mitumba begani alisimama mbele ya karai la Moza. Aliangalia kwanza bakuli dogo.

"Samahani mama. Hizi ndizo hazina kitunguu?"

"Ndizo. Haziuzwi."

"Najua," akasema. Akashusha mzigo. "Mi ni Akilimali, mutu wa Uvira. Nilikusikia kwa redio."

Moza alisogeza karai kando ya moto. Akamwonyesha kigoda. Akilimali hakukaa.

"Sema," Moza akasema.

"Tulikimbia pamoja, mama. Barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa, tukashika njia ya kwenda mji wa Baraka, kwa miguu. Gari lake walilichukua. Tulikuwa watu wengi, na njaa. Yeye kila tukipumzika anaanza kutueleza namna muke wake anakaanga sambusa. Unga unasukumwa hivi, nyama inakaushwa hivi, na kitunguu hakuna. Sisi tunamutania: we mutu gani unachagua kitunguu katikati ya vita?" Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Wakati wote alisema muke wangu, muke wangu. Jina sikulijua. Salamu nilikuwa nazisikia pale sokoni. Idi ni wengi, mama. Nilisikia Idi, sikufikiri ni yeye. Mpaka uliposema kidole, na kitunguu."

"Yuko wapi?"

"Tumbo lilimushika kabla ya Baraka. Maji tuliyokunywa yalikuwa mabaya. Hakukawia."

Moza hakulia. Aliuliza, "Mulimuzika?"

"Tulimuzika. Mi ni mukristo, sikujua kuomba kwenu. Nilitafuta mama mumoja mwislamu kati yetu, akanionyesha upande wa Makka, tukamulaza ubavu, uso huko. Sanda hatukuwa nayo. Nilimufunika na shati langu, juu ya lile la bluu."

"Mungu akulipe. Ilikuwa lini?"

"Ile ile tisini na sita. Noeli ilikuwa haijafika."

Mafuta kwenye karai yalikuwa yamepoa na kuacha utando. Moza aliutazama.

"Alisikia hata salamu moja?"

Akilimali alishika kamba ya mzigo wake, akaifungua, akaifunga tena. Nadhani alitamani kumdanganya.

"Hatukuwa na redio, mama."

Moza alichukua sambusa zote za bakuli dogo, akazifunga kwenye karatasi, akampa. Akilimali alizipokea kwa mikono miwili.

Alasiri hiyo Moza alitoa sandukuni vazi jeupe la mjane anayekaa eda, akamtuma Annick amwite Shehe Atumani wa msikiti wa karibu. Shehe alikuja na bakora yake, akasema inna lillahi, akakaa. Moza alikuwa ameketi kwenye mkeka, tayari kama mwanafunzi.

"Shehe, eda naanza kuhesabu leo, ao jana Maghribi?"

Shehe alimwuliza mumewe alikufa lini. Moza akamwambia.

"Bibi yangu," akasema, "eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa, si tangu siku uliyopata habari. Yako imekwisha. Ilikwisha mwaka wa tisini na saba."

"Ilikwisha nikiwa wapi?"

"Hukujua. Huna dhambi."

"Sisemi dhambi, Shehe. Nasema siku zile nilikuwa nakaanga sambusa. Nilikuwa nacheka na Annick. Nilivaa nyekundu sikukuu ya Idi el-Fitri. Nani alimukalia eda?"

Shehe alisema Ijumaa msikitini watamswalia aliye mbali, na kwamba moyo una ruhusa ya kuhuzunika.

"Lakini kukaa ndani?"

"Kukaa ndani hakuna tena, bibi."

Alipoondoka, Annick alibaki mlangoni na mikono yake myeusi ya makaa, hajui aiweke wapi. "Kaa tu," akamwambia Moza. "Nani atakukataza? Mi nitakuletea chakula."

"Ni siku zake," Moza akasema. "Zimekwisha. Siwezi kumupa siku za uongo."

Kwenye dirisha redio ilikuwa inaongea, mtu na mtu wanabishana. Moza akasema sasa ndipo alipojua walichokuwa wanafanya kule kituoni kila Jumamosi. Walikuwa wanampigia maiti muziki, na yeye ndiye aliyeagiza. Akalikunja lile vazi jeupe. Hapo ndipo alipolia, bila sauti, na Annick akaingia akakaa naye kwenye mkeka mpaka adhana ya Maghribi.

Asubuhi iliyofuata mbingu zilikuwa safi. Moza alikunywa kahawa yake, akatoka, akawasha moto. Bakuli dogo aliliosha, akalifuta, akalipeleka ndani. Kisha akaketi mbele ya ungo, akamenya vitunguu, akavikata vidogo vidogo machozi yakimtoka kama yanavyomtoka kila mkata vitunguu, akavimimina vyote ndani ya nyama yote, akaichanganya kwa mkono.