Kufuli la Mlango wa Mama

Baba alipofariki na Mama akabaki peke yake mtaani Buyenzi, mimi ndiye niliyemng'ang'ania aje kwangu, mtaa wa Ngagara. Paa lilikuwa linavuja, magoti yanamuuma, na mimi silali nikiwaza akianguka nani atamwona. Alikubali kwa shingo upande. Tukafunga nyumba kwa kufuli kubwa jipya, nikashusha pumzi.

Mvua zilipokwisha tukarudi kuitazama. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani mpaka dirishani, dari imelegea, na uvundo ukatupokea mlangoni.

"Mvua imeharibu kila kitu," nikasema.

"Apana mvua," Mama akasema. "Ni kufuli yako."

Mama alisoma chuo cha Kurani utotoni, na Kiarabu chake kidogo anakitoa pale tu anapotaka kushinda. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanisomesha. Hili neno letu, kuharibu, limetoka kwa Waarabu, na kwao kharabu ni hali ya nyumba au mji uliohamwa. Watu wakiondoka, kharabu imeshaingia. Mchwa na kuoza vinafuata nyuma yake.

"We uliona mchwa wapi wakati baba yako anakohoa humu?"

Nilikasirika, kusema kweli, maana nilijua anakoelekea. Na kweli, Ngagara hakurudi. Akawasha jiko la makaa, akafungua madirisha, majirani wakaja na mafagio na maneno mengi. Mimi nikamtafutia fundi wa paa na kurudi kwangu na wasiwasi wangu.

Juzi nilimpigia simu asubuhi nzima, hapokei. Nikaacha kazi, nikakata mitaa ya magereji mbio mbio kama mwizi. Nikakuta mlango wazi, Mama yuko katikati ya wanawake wa mtaa wanachambua maharagwe, simu iko kwenye chaji chumbani.

"Umekuja kuangalia kama nimeharibika?" akaniuliza. Wakacheka wote. Nami nikacheka, furaha imenijaa mpaka machozi.

Nilipokwenda kunawa uso nikapita chumba changu cha usichana. Kitanda kimetandikwa shuka safi, chandarua kimeshushwa. Nikamuuliza anangoja mgeni gani.

"Mgeni hakuna. Hiki chumba kimekaa bila mutu toka uolewe. Mi nafagia kila siku, lakini kufagia peke yake haitoshi."

Nikampigia mume wangu, nikamwambia leo nalala Buyenzi.