Maneno Niliyomwekea Dada Yangu Mdomoni

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nawaambia tu, maana nimechoka kubeba peke yangu.

Kwetu ni upande wa Zombe. Kiangazi kikikaza tunachimba visima kwa mchanga wa mto uliokauka. Mmoja anaingia chini kabisa anachota na kopo, mwingine anasimama katikati akipitisha mtungi juu. Siku hiyo chini alikuwa dada yangu Kalondu. Katikati nilikuwa mimi.

Mchanga ukaporomoka! Ulimfunika hadi kifuani. Akanishika mkono akilia, "Nivute! Usiniache, nivute!" Mchanga mwingine ukaanza kushuka. Woi! Nikachomoa mkono wangu nikapanda. Kugeuka, shimo limejaa.

Kabla ya mazishi akaja Mutua, mwandishi wa gazeti. Namtaja, kwa sababu kosa hili tulilipika pamoja.

"Pole, mama. Lakini nipatie kitu cha kufungulia stori. Kisima kubomoka ni habari ya kila kiangazi. Msomaji asiposhikwa hapo mwanzo, anaenda kwa ukurasa wa mpira. Dada alisema nini mwisho?"

"Alilia tu."

"Kila mtu hulia. Hakusema umwache, watoto wapelekewe maji?"

Jirani yangu Ndunge akadakia, "Si useme ndiyo! Kalondu apate heshima!" Na hata mtoni hakuwa, huyo!

Nikasema ndiyo. Tena haraka, maana hiyo ndiyo ilinifichia aibu yangu.

Gazeti likatoka. Stori ilianza hivi: "Niache, wapelekee watoto maji." Pasta akaisoma pale kaburini, Amina kila upande. Watu wakanishika mkono wakiniita jasiri. Mimi!

Mtoto wa Kalondu, Mwende, nimemlea mimi. Sasa ni msichana mkubwa. Juzi tukichambua ndengu akaniuliza, bila kuniangalia, "Anti, mama alikuwa amechoka na sisi?"

"Nani amekuambia hivyo?"

"Si ni yeye alisema aachwe? Mimi ningetaka kurudi nyumbani."

Ngai! Kumbe miaka yote mtoto analala na hilo!

Nikamwambia yote, hadi vile nilivyochomoa mkono. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hivyo alikuwa anataka kuja?"

"Alitaka sana, Mwende."

Akafunga nguo zake akaenda kwa nyanya yake, huko Kyuso. Nikipiga simu, nyanya ananiambia, "Yuko hapa, anakusikia. Hataki kuongea."

Nilimpigia Mutua aandike ukweli. Akacheka! "Mama, hiyo ni ya zamani. Na ilisomwa sana."

Wewe uliyefiwa, mwandishi akikuomba maneno matamu ya kuanzia, usimpe. Hata kama yanakufunika wewe. Hasa kama yanakufunika wewe!

Na nyinyi wa magazeti, Kalondu hakumwambia mtu amwache. Aliita mpaka sauti ikazibwa na mchanga. Mngeanzia hapo.