Mbuzi Aliyeachwa Mdomo Wazi

Tupokigwe Simbeye haamini mtu, wala haoni kwamba hiyo ni kasoro. Ukimpa noti ataiangalia juani pande zote mbili, halafu atakuangalia na wewe. Ameishi Chapwa, hapa Tunduma, miaka ishirini na tisa, na kila anayemgongea mlango humuuliza kwanza ametumwa na nani.

Viatu ndivyo vilivyomfunza. Yeye na marehemu mumewe, Barnaba, walikuwa wakiuza viatu vya jumla kwa wafanyabiashara wa Zambia, na hawakupakia pea nzima kwenye lori moja hata siku moja. Viatu vya mguu wa kushoto vilitangulia Jumatatu. Vya mguu wa kulia vilifuata Alhamisi kwa lori la mtu mwingine kabisa, na mnunuzi kule alijua utaratibu huo, akasubiri. Dereva mwenye tamaa angefanya nini na viatu mia mbili vya mguu mmoja? Wazo lilikuwa la Barnaba, lakini Tupokigwe ndiye aliyelipenda, na Barnaba alipofariki hakulilegeza hata kidogo.

Kisha wiki moja mizigo yote miwili ikapotea, wa kushoto na wa kulia. Ukimtoa yeye mwenyewe, mtu pekee aliyejua malori yote mawili alikuwa Ezron, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na minne. Tupokigwe hakumwita ndani wakazungumza. Alimkabili uani, mbele ya majirani waliokuwa wakianika mahindi.

"Nirudishie viatu vyangu," alimwambia.

Ezron alisema mara moja tu kwamba hajui vilipo. Jioni ile alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na begi moja, na namba yake ya simu ikafa.

Miezi miwili baadaye mlinzi wa ghala moja kule Nakonde akapiga simu. Mizigo ilishushwa pale kwa makosa, ya Jumatatu na ya Alhamisi, na ilikuwa imekaa kwenye kona bila mwenyewe. Tupokigwe alivuka, akavikuta viatu vyote vipo, akaviuza, akanyamaza. Hakuwaambia majirani, wala mdogo wake, wala Imelda, binti wa huyo mdogo wake, ambaye alishaanza kumwita Ezron mwizi bila kuuma maneno. Aliona aibu, na aibu ile aliificha vizuri kuliko alivyowahi kuficha fedha.

Hayo ni ya miaka sita iliyopita. Kwa madereva alisikia kwamba Ezron ana gereji ndogo kwenye njia ya Mpika, huko huko Zambia, na kwamba amepata mtoto wa kike. Hakuna aliyempa namba. Mmoja alimwambia kinagaubaga kwamba ameombwa asiitoe.

Ndipo akaandika kitabu. Msicheke. Tupokigwe alifundisha shule ya Jumapili miaka kumi na mitano na watoto walikuwa wakigombania kukaa mbele akianza hadithi. Aliandika kuhusu mama mbuzi wa kijiji cha Itaka aliyemsingizia mwanawe kwamba amemaliza mahindi ya ghalani. Mbuzi mdogo anaondoka. Panya wanaonekana. Mama mbuzi anamfuata mwanawe hadi mpakani, anapita katikati ya malori, anafukuzwa na wabadilisha fedha, na kwenye ukurasa wa ishirini anamwona ng'ambo ya geti. Kitabu kinaitwa *Mbuzi wa Itaka*. Alichapisha nakala mia tano Mbeya, na alichotaka ni kimoja tu: kisikike, kivume, kivuke, hadi siku moja kimfikie fundi mmoja wa magari mwenye binti mdogo. Kumwandikia barua hakuweza. Kumtafuta gereji hadi gereji hakuthubutu. Mbuzi angesema kwa niaba yake.

Lakini mbuzi alilala kwenye maboksi chumbani. Bwana Othmani, mwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi, aliweka nakala tano kaunta, na baada ya miezi minne zilikuwa bado tano.

"Mama, mzazi hanunui kitabu cha mtoto ambacho hajakisikia," alimwambia. "Angalau kingekuwa cha mitihani."

Imelda, anayeuza makava na chaja za simu mjini, ndiye aliyeleta habari za mabloga.

"Mama mkubwa, kuna dada anaitwa Sabra, yuko Mbeya. Anaandika blogu ya vitabu vya watoto. Anasoma na wanawe, anaeleza kama ni kizuri au ovyo. Akina mama kibao wanamfuata, mpaka Zambia huko Waswahili wanamsoma."

"Anataka shilingi ngapi?"

"Hataki hela. Anataka kitabu kimoja tu."

Hapo ndipo Tupokigwe alipoingiwa na wasiwasi wa kweli. Mtu wa kulipwa unajua anachotaka. Huyu wa bure anatafuta nini? Alikaa siku mbili akiligeuza jambo hilo kichwani, akapata jibu: Sabra atakinakili. Atakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, atakichapisha kwa jina lake, na mwaka ujao kitauzwa Kariakoo kikiwa na jalada la kung'aa.

Alimpigia mwenyewe. Sabra aliamkia vizuri, "Shikamoo mama," na Tupokigwe akaitikia kama mtu anayepokea bidhaa asiyoiagiza. Alimuuliza jina la baba yake, mtaa anaoishi, na msikiti anaoswali. Akataka picha ya kitambulisho cha taifa. Akataka barua ya mtendaji wa mtaa, yenye mhuri, inayomtambulisha kuwa ni mkazi na kwamba hana kesi.

Na Sabra akaituma! Kesho yake tu, mhuri umekaa sawasawa, na chini ameandika kwamba hajawahi kucheka hivyo ofisi ya mtaa. Imelda alidhani mambo yameisha. Thubutu. Tupokigwe aliikuza ile barua kwenye simu hadi herufi zikawa na ukungu.

"Mbona kaipata haraka hivi?" aliuliza. "Huyu kazoea."

Hata hivyo vitabu vilikuwa bado chumbani, na Ezron bado yuko huko. Ikabidi akubali. Basi akafanya alichokijua. Alichukua nakala moja, akachukua wembe, akakata karatasi mbili za mwisho karibu kabisa na pini, taratibu, hata usingejua kwamba palikuwa na kitu. Kurasa nne zikabaki kwenye droo yake. Sabra akiandika vizuri, zitafuata. Akiwa mwizi, ataiba hadithi isiyo na miguu ya nyuma. Akakifunga kitabu kwenye bahasha, akakipeleka kwenye basi la Mbeya, na usiku ule akalala fofofo.

Hapo alikosea mara mbili. Kwanza, mnunuzi wa viatu alikuwa anajua kwamba mguu mwingine unakuja. Sabra hakuambiwa kitu. Pili, hakuangalia anakata nini. Ukurasa wa ishirini, ambao sasa ulikuwa wa mwisho, ulimalizika hivi: *Mama mbuzi akasimama mbele ya geti. Mwanawe akageuka. Mama mbuzi akafumbua mdomo.* Alichosema mama mbuzi kilikuwa kwenye droo Chapwa.

Wiki tatu zikapita. Tupokigwe hakuisoma blogu. Alikuwa akipita maduka ya vitabu kuangalia kama kuna mbuzi wa wizi. Halafu watu wakaanza kuja. Mwalimu mmoja kutoka Vwawa alitaka nakala kumi. Dereva wa lori alitaka mbili. Bwana Othmani akapiga simu kwamba zile tano zimekwisha na aletewe nyingine. Tupokigwe aliuza huku akimhoji kila mnunuzi amekisikia wapi, na kila mmoja alisema, kwa Sabra.

Jumamosi akaja mama mmoja anaitwa Ferista, muuza vitenge, kashika kitabu mkononi na uso umevimba kwa hasira.

"Mama, umeniuzia feki."

"Feki? Mimi ndiye niliyekiandika!"

"Chenyewe nakijua. Chenyewe kinaishia mbuzi kafumbua mdomo, mtoto anamalizia mwenyewe. Hiki chako kimeongezwa kurasa nne huku nyuma. Sabra kaeleza vizuri, mwandishi kamwacha mbuzi mdomo wazi makusudi. Hapa Tunduma mtatuuzia feki mpaka lini?"

Tupokigwe, aliyewashuku watu wa mpakani miaka yote hiyo, alisimama mlangoni kwake akishukiwa. Alimrudishia Ferista fedha yake. Kisha akafunga mlango, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Imelda.

"Nisomee alichoandika huyo dada."

Imelda akasoma. Sabra alikuwa amekisoma kitabu na wanawe jioni tatu mfululizo, na kwenye blogu alisimulia hadithi yote hadi mbuzi anapofumbua mdomo. Alisema ni mara chache mwandishi anawaheshimu watoto kiasi hicho, hadi kuwaachia neno kubwa kuliko yote walitafute wenyewe. Akaomba wazazi waandike watoto wao wanadhani mama mbuzi alisema nini. Majibu yalikuwa mia mbili na zaidi, na Imelda aliyasoma akicheka. Alisema mee. Alisema twende nyumbani chakula kinapoa. Alisema umekonda. Alisema nimekuletea mahindi.

Kisha Imelda akaacha kucheka. Alisogeza simu karibu na macho.

"Mama mkubwa, huyu anajiita Ezron. Wa Mpika."

"Soma."

"Anasema: 'Mwandishi namjua. Binti yangu kaniuliza kwa nini mama mbuzi amefika getini halafu hasemi kitu. Nimemwambia huyo ndivyo alivyo, hata ukimsubiri miaka sita hatasema.'"

Tupokigwe alikaa kwenye stuli ya wateja. Kitabu kilikuwa kimefika. Kilifika pale pale alipotaka kifike, kikiwa kimekatwa kwa mkono wake, na neno alilokiandikia kitabu kizima lilikuwa limebaki nyumbani.

Alimpigia Sabra palepale, mbele ya Imelda.

"Mwanangu, kile kitabu nilikikata. Kuna kurasa nne ninazo mimi."

"Ulikikata kwa nini, mama?"

"Nilijua utakiiba."

"Hata baada ya barua ya mtendaji?"

"Hata baada ya barua."

Sabra alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu alisikia namna mama huyu anavyopumua. Tupokigwe akamweleza kwamba Ezron wa Mpika ni mwanawe, akamwomba namba yake.

"Hiyo siwezi, mama yangu, unisamehe," Sabra alisema. "Aliniachia namba kwa kuniamini. Nitajuaje kwamba ni mama yake kweli? Labda unamtafuta kwa ubaya."

Ingekuwa mtu mwingine Tupokigwe angewaka. Lakini aliona wazi kwamba angekuwa ni yeye, angesema vivyo hivyo, na hata angedai mhuri.

"Basi nifanyeje?"

"Zisome hizo kurasa kwa sauti yako, Imelda akurekodi, anitumie. Nitaziweka kwenye blogu watu wote wasikie. Kama ni mama yake, sauti ataijua. Ila mama, ujue zikishawekwa, kitabu kizima kitakuwa hadharani. Atakayetaka kukinakili atakinakili."

"Wakinakili," alisema Tupokigwe. Imelda alimtazama kana kwamba amesikia mtu mwingine akizungumza.

Walikwenda nyumbani, wakakaa chumbani katikati ya maboksi ambako kelele za malori hazifiki sana. Imelda akashika simu. Tupokigwe akavaa miwani, akasoma vizuri kabisa, kwa sauti yake ya shule ya Jumapili, hadi alipofika kwenye mstari wa pili.

"'Nilikosea, mwanangu,' alisema mama mbuzi. 'Mahindi waliyala panya. Nilikosea, na nilikuaibisha mbele ya…'"

Imelda akadhani amepoteza mstari, akanyoosha kidole kumwonyesha. Tupokigwe alikuwa ameshaiweka karatasi chini na kuvua miwani.

"Ezron," alisema. "Mimi ni mama yako. Viatu vilipatikana. Vilikuwa Nakonde, kwenye ghala, vilishushwa kwa makosa. Nilipigiwa simu miezi miwili tu baada ya wewe kuondoka, nikaenda kuvichukua mwenyewe, nikaviuza. Hukuiba kitu. Nimelijua hilo miaka sita na sikumwambia mtu. Niliwaacha watu wakuite mwizi, na mimi nikiwa nawasikia."

Imelda aliishika simu kwa mikono miwili. Bado ilikuwa inarekodi.

"Mama mkubwa," alinong'ona, "hapo nikate?"

"Usikate hata neno moja. Mtumie."

Imelda, aliyekuwa amemwita kaka yake mwizi kwa miaka sita, hapa uani, sokoni, na hata mbele ya wazee wa kanisa, alitafuta kitufe cha kutuma na hakukiona kwa machozi. Tupokigwe aliichukua simu mkononi mwa binti huyo, akaituma sauti mwenyewe.