Karatasi Iliyofungia Vidonge

"Mama, maji," mwanangu alisema, nami nikaisogeza kata mbali na mkono wake. Baada ya hapo sikumsikia tena vizuri. Alikuwa na miaka minne, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Maji yalikuwepo, mtungi umejaa. Nilimnyima mwenyewe.

Nilimnyima kwa sababu mganga wa zahanati alinikataza. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Matai, na kuhara kukaingia nyumba kwa nyumba. Mimi nilihara nikapona. Mtoto alipoanza nikambeba mgongoni hadi zahanati. Mganga hakuinuka hata kitini. "Ukimpa maji unamwongezea kuhara," akaniambia. Akachana karatasi yenye maandishi, akanifungia vidonge vinne. Kesho yake tulizika.

Ile karatasi niliiweka, maana mwanangu ndiye aliyeishika njia nzima. Kusoma sikujua. Baadaye likaja darasa la watu wazima, tukasomea kwenye ghala la mahindi. Siku nilipoweza kuunganisha maneno nikaitoa kwenye kopo. Ilikuwa barua ya chama cha madaktari kwa zahanati zote: mtoto anayehara asinyimwe maji, yachemshwe, yatiwe sukari na chumvi kidogo, anyweshwe polepole.

Nikampelekea mganga.

"Shikamoo. Hii uliisoma?"

"Marahaba. Mama, hizo zinakuja rundo, na bahasha za dawa hakuna. Ulitaka nikufungie vidonge kwa majani ya maboga?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa aibu. Kicheko hicho nakijutia mpaka leo.

Miaka ikapita. Daktari mmoja wa chama hicho akaja Sumbawanga mkutanoni, nikamngoja mlangoni na karatasi yangu. Akaisoma yote. "Tuliwaandikia wote, mama," akasema kwa upole, akaingia ndani. Basi. Walikuwa na jambo la kuokoa mtoto, wakalipiga chapa, wakalitia posta, wakarudi vikaoni.

La kwangu nimeshalijibu: kata niliisogeza mimi. Mganga naye asimame mbele ya kijiji aseme kwa nini alichana kabla ya kusoma. Na wale wa chama waniambie, nani kati yao alipanda huku Ufipa kuangalia kama barua yao imesomwa? Nataka wanitajie mtu.