Maua Kumi na Mstari Mmoja

Mmenichosha kwa kuniuliza mnunue cherehani gani. Haya, someni mninyamazie. Jirani yangu mjane alikuwa na hela ya cherehani moja tu, ashone mablanketi ya vipande ayauze kwenye baridi yetu hii. Muuzaji wa pale Lushoto akamsukumia ya umeme.

“Shikamoo bibi. Hii inadarizi maua kumi!”

“Marahaba. Maua yatampasha nani joto? Nataka mstari ulionyooka.”

Jirani akaipitishia tabaka tatu za nguo alizokuja nazo, sindano ikavunjika. Akaomba ajaribu nyeusi ya mkono, kuukuu, ya bei ya chini. Muuzaji akacheka.

“Chuma chakavu hicho! Kikipenya, nakibeba mwenyewe hadi kwenu Gare.”

Ikapenya kama inakata ugali. Jirani akalipa hela, akakunja mikono, akasubiri. Muuzaji akalipa kwa bega lake, kilima kizima.