Msusi aliyetoka nje ya kikao chake mwenyewe

Jua halijakolea, na msusi huyu tayari ana kichwa cha mtu mikononi. Kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, uzi wa kusukia ameubana kwa meno, na hilo halimzuii kuongea.

"Tulia, mama, usinigeuzie shingo," anamwambia mteja. "Nikipindisha njia utasema mwenyekiti amekula rushwa."

Benchi zima linacheka.

Mwenyekiti ni yeye. Anaongoza kamati ya mradi wa maji wa mtaa, kazi isiyo na mshahara. Kinachomlisha ni saluni hii ya viti viwili, ambayo siku ya kikao huifunga mapema na kuwakosa wateja wa jioni, ndio wengi.

Mwaka jana kamati ilitafuta fundi wa kutandaza mabomba. Msusi akapendekeza kwamba mwenye ndugu kati ya walioomba kazi atoke nje wakati wa kuamua. Karibu kamati nzima ikasimama.

"Si tumeoleana wote humu!" anasema. "Huyu shemeji, yule mkwe, yule binamu. Vingebaki viti ndiyo viamue."

Wakakaa tena, wakabishana mpaka wakaelewana: ndugu wa kumtoa mtu nje ni yule ambaye akipata kazi, na kwako patapikwa. Safari hii alisimama mtu mmoja tu, mwenyekiti. Mdogo wake, fundi bomba, alikuwa ameomba kazi hiyo, na ndiye anayesaidiana naye kumtunza mama yao.

Akatoka, akakaa kwenye ngazi. Baadaye katibu akachungulia mlangoni.

"Mwenyekiti, kura zimefungana. Njoo upige yako tu, tumalize."

"Mmenitoa na kura yangu," akamjibu. "Malizeni wenyewe."

Wakapiga upya. Mmoja akabadili mawazo, kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Maji yanatoka, na mtaani hakuna anayelalamika. Nyumbani ndiko kulikowaka moto.

"Kura moja tu, dada, ukaikalia!" mdogo wake alimfokea mbele ya mama yao. "Ningekuwa mpita njia ungenipa."

Tangu hapo salamu za mdogo wake humfikia msusi kupitia watoto. Inamuuma, wala hafichi.

"Kwa mabomba, mdogo wangu anamzidi yule aliyepata. Najua. Ila nikisema mimi, nani ataniamini? Mama naye amenuna. Ananiuliza kama nilizaliwa na kamati."

Awamu ya pili ya mradi inakaribia, na fundi bomba ameomba tena. Msusi anafunga ncha ya msuko wa mwisho, anampangusa mteja mabega.

"Nitatoka tena," anasema. "Na huko nje nitamwombea apate, kwa moyo wangu wote. Maana akipata huku mimi nimo ndani ya kikao, hata afanye kazi nzuri namna gani, maisha yake yote wataniita mimi fundi. Watasema kabebwa na dada yake."