Mtani wa Msiba

Yule kiumbe nilimtengeneza kwa ajili ya mtu mmoja tu, na nikampima kama suruali ya kushonesha.

Mtu mwenyewe ni jirani yangu, fundi simu, Mnyamwezi. Mimi ni Mgogo, nauza zabibu za Makutupora. Kwa hiyo sisi ni watani, na mtani akikufanyia jambo huruhusiwi kununa. Jumapili mchana tunacheza barazani kwake mchezo wa vita vya sayari, pamoja na mkewe na mwalimu mmoja wa chuo cha Hombolo, ambaye ndiye mwenye ubao. Kila mmoja ana meli ishirini na kadi ya kiumbe mwenye uwezo wake. Ukifikisha makoloni matano kwenye sayari za wenzako, umeshinda. Meli zikipigwa zinakwenda kuzimu, yaani kwenye duara jeusi katikati ya ubao. Zangu nne zilishapotea, natumia punje za mahindi.

Jumapili moja mimi na jirani tulikuwa na makoloni manne manne. Tukapatana kila mtu aweke kadi ya amani, tushinde pamoja. Akanipa mkono. Mimi nikaweka amani. Yeye akaweka kadi ya shambulio la nguvu thelathini, akashinda peke yake.

"Utani tu, mtani," akasema, huku anazoa meli zangu.

Nikacheka. Ningefanyaje? Nilicheka mpaka nyumbani, na mke wangu akauliza nani kanifanya nini.

Kwetu aliyeumizwa kuliko wote, kwa kura ya meza, hupewa kadi tupu abuni kiumbe, na Jumapili inayofuata anamchezesha mwenyewe, mradi wenzake wakubali maandishi. Nilikaa na kadi ile wiki nzima sokoni, zabibu zikinyauka. Nikajiuliza: watani hasa kazi yao nini? Wanakuja msibani, wanajilaza kaburini, wanabeba sufuria la wali, na mfiwa anakomboa vitu vyake bila kukasirika. Nikaandika: "Mtani wa Msiba. Meli za mtu zikienda kuzimu, nachukua tatu. Atakomboa kila moja kwa kadi moja. Akikasirika kabla mchezo haujaisha, zilizo mkononi mwangu hazirudi."

Jirani akasoma. "Tatu? Unakuja kuzika au kuhamisha nyumba?"

"Basi mbili."

"Moja, mtani. Moja, au chana kadi yako."

Nikakuna kichwa, nikaguna, nikamwambia ananiua. Moja ndiyo niliyoitaka tangu sokoni. Alifurahi kunipunguza hadi hakurudia kusoma mstari wa mwisho.

Tukacheza. Kila alipopigwa nililalia ubao nikilia, "Uuwi, marehemu alisema hii ni yangu," nikachukua meli. Alicheka. Kufikia saa kumi nilikuwa nazo saba. Nikahesabu tena, saba. Alikuwa na makoloni manne, na kadi kibao alizozihifadhi ili akomboe meli zote kwa mpigo, achukue koloni la tano. Bado alikuwa anacheka, lakini meno tu. Macho yalishaondoka.

Mkewe akaleta chai. Jirani akaonja.

"Chai gani hii? Sukari iko wapi? Nimesema mara ngapi katika nyumba hii?" Akabwaga kikombe mezani, punje zangu zikaruka.

"Sukari imeisha asubuhi, na wewe ndiye uliyeimaliza," mkewe akamwambia, akakaa mahali pake.

Mimi nikaisogeza kadi mbele ya mwalimu, polepole. Akaisoma mara mbili.

"Imeandikwa akikasirika," akasema. "Haikuandikwa amkasirikie nani."

"Nimekasirikia chai!"

"Naona," mwalimu akasema.

Nikazitia zile saba mfukoni mwa shati, moja moja, ili azione. Akashambulia na meli mbili zilizobaki, zikafa zote, na moja nikachukua. Aliyeshinda siku hiyo ni mwalimu. Sikwenda pale kushinda.

"Pole kwa msiba," nikamwambia. "Utani tu, mtani."

Akanitazama. Akatazama meza nzima inayomsubiri. Kisha akacheka, kwa sababu lazima acheke, akainua kikombe akainywa chai yote bila sukari. Nilihesabu mafunda. Tisa. Nikaomba aongezewe, nihakikishe hesabu.